Dakika Kumi na Tatu za Afrakoma

Mzee Gyamera alikutwa amekaa nyuma ya usukani wa gari lake, mikono mapajani, kichwa kimelalia bega, kama mtu aliyechoka kumsubiri mwenzake. Banda la gari lilikuwa limefungwa. Swichi ilikuwa imewashwa. Betri imekufa. Petroli ilikuwa nusu tangi.

Polisi waliitwa saa tano asubuhi, Jumapili, baada ya wazee wa ukoo kuitwa kwanza. Ndivyo Kumasi inavyokwenda.

Inspekta Birago alisimama mlangoni pa banda, asiingie. Sajini Lartey akadhani anaitazama maiti. Alikuwa analitazama gari.

"Unalijua, afande?"

"Mtu wa umri wangu asilijue? Huyu ni Afrakoma."

Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, jekundu, lisilo na paa, lililoshushwa bandarini Takoradi mwaka sitini na sita. Kila Jumapili lilikuwa linapita mtaa wa magereji wa Suame Magazine kuelekea Mampong, na mafundi wa Magazine waliweka spana chini kulitazama. Birago alikuwa mtoto wa darasa la pili, anampelekea baba yake uji gereji. Aliusikia mlio kabla ya kuliona. Baba yake, Fundi Ntow, alikuwa anainua kidole: sikiliza, hiyo ndiyo injini.

Mwaka sabini na nne nchi ilipohama kuendesha kushoto ikaenda kulia, magari yote ya usukani wa kulia yalipata taabu. Ni Fundi Safo wa Magazine, aliyekuwa akilitibu gari hilo, aliyeuhamisha usukani wa Afrakoma, kwa msumeno na mkono wake mwenyewe. Watu walitoka Sunyani kuja kuitazama ile kazi.

Sasa rangi ilikuwa imefifia kwenye kingo, lakini ngozi ya viti ilikuwa imepakwa mafuta juzi tu.

Daktari wa polisi aliinama, akatazama kucha na midomo ya marehemu.

"Wekundu huu unauona? Kaboni monoksidi. Moshi wa injini. Maabara itathibitisha."

Birago akaandika. Marehemu, miaka sabini na minane. Shati la kulalia. Makubazi ya ngozi miguuni. Kisha akaziangalia kuta za banda. Mbili kati ya hizo zilijengwa kwa matofali ya matundu, hewa inapita kama kwenye kapu.

Mpwa wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Aliitwa Dankyi, miaka arobaini na sita, mwana wa dada, mrithi kwa desturi ya Waasante. Alikuwa ameishi na mjomba wake tangu utotoni.

"Ulimuona lini akiwa hai?"

"Jana usiku, afande. Alikwenda kulala."

"Na asubuhi?"

"Saa kumi na mbili nilisikia gari linaunguruma. Kila Jumapili analipasha moto. Nikageuka upande wa pili, nikalala."

"Liliunguruma mpaka lini?"

"Mpaka saa mbili. Masaa mawili mfululizo. Lilipokaa kimya ndiyo nikaja kuangalia."

"Nani alilizima?"

"Sijui. Labda lilijizima."

"Uliligusa?"

"Gari la mjomba?" Dankyi akacheka bila furaha. "Sijawahi kukaa ndani ya gari lile maisha yangu yote. Muulizeni fundi wake. Ijumaa alichomelea bomba la moshi. Kama moshi ulivujia ndani, ni kazi ya nani?"

Wazee wa ukoo wakatikisa vichwa. Fundi! Fundi Safo! Ametuulia mtu wetu! Kabla ya jua kuzama Safo alikuwa mahabusu, tuhuma: kusababisha kifo kwa uzembe.

*

"Baba Safo."

"Afande."

"Usiniite afande. Umenibeba mgongoni."

"Niliyembeba ni binti wa Ntow. Aliyenifunga ni afande."

Sajini Lartey akakohoa kuficha kicheko. Jumatatu asubuhi, chumba cha mahojiano, meza moja na viti vitatu. Safo alikuwa na miaka sabini na moja. Kucha zake zilikuwa na grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya polisi.

"Ijumaa ulifanya nini kwenye gari?"

"Nilichomelea bomba la moshi. Nikabadilisha plagi."

"Bomba lilikuwa linavuja?"

"Likiingia kwangu linavuja. Likitoka halivuji."

"Dankyi anasema liliunguruma masaa mawili mfululizo."

Safo akainua macho. Kitu kilipita usoni mwake, kikapotea.

"Masaa mawili?"

"Masaa mawili. Linaweza?"

"Gari nililolitengeneza mimi linaweza kwenda Tamale na kurudi."

"Halizimi?"

"Halizimi."

"Halichemshi?"

"Wewe mtoto, umekuja kunihoji au kunitukana?"

Birago akaweka kalamu chini. "Baba, nisikilize. Ukisema gari ni zima, basi lilimuua. Na kama lilimuua, mtu wa mwisho kulishika ni wewe. Utakwenda jela na umri huo. Unaelewa?"

"Naelewa. Sijazeeka kiasi hicho."

"Kwa hiyo nakuuliza tena. Lina ugonjwa wowote?"

Mzee akatazama ukuta. "Miaka thelathini na minane ninalitibu gari lile. Andika hivyo. Ni zima."

Lartey akafunga faili. Birago alikuwa tayari mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la kulalia. Na makubazi."

"Makubazi? Garini?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Safo akageuka mzima kwenye kiti. "Mwanangu, Gyamera hakuwahi kupanda gari lile na makubazi. Hata siku moja. Alikuwa anayavua mlangoni, anaingia pekupeku. Alisema kama mtu unavua makubazi mbele ya mfalme, basi na huyu vilevile. Mimi pia alinivulisha."

*

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Birago na Lartey walifungua milango ya banda wazi. Lartey aliunga betri nyingine. Birago akasita kidogo mlangoni pa gari, akavua viatu.

"Afande, sasa na wewe?"

"Kaa kimya, tazama saa."

Afrakoma aliwaka mara moja. Ule mlio ulijaa bandani, na kwa muda Birago hakuwa inspekta. Alikuwa na kibuyu cha uji mkononi na vumbi la Magazine miguuni, na baba yake alikuwa hai.

"Dakika tano," alisema Lartey.

Mshale wa joto ulikuwa katikati.

"Dakika tisa."

Mshale ulipita katikati. Harufu ya bati la moto ikatoka.

"Kumi na moja."

Injini ikaanza kupwelea. Inashika, inaachia, inashika.

"Kumi na tatu."

Afrakoma akakohoa mara mbili, akazima.

Birago akapiga stata. Hakuna. Akashuka, akafungua boneti. Haikuwa kazi aliyojifunza chuo cha polisi. Akachomoa waya wa plagi moja, akausogeza karibu na chuma huku Lartey akipiga stata. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Koili nzima. Akasogeza sikio kwenye kabureta. Ndani petroli ilikuwa inachemka, inatoa mapovu kama chai. Injini ilikuwa inavuta mvuke badala ya mafuta, ndiyo maana ilikata pumzi.

"Lakini kwa nini imechemka hivi?" Lartey aliuliza. "Rejeta imejaa maji."

Birago akaushika mpira wa rejeta haraka. Uvuguvugu tu. Na kichwa cha injini kingeweza kukaanga yai.

"Maji hayaendi kupoa," alisema polepole. "Yanazunguka humohumo."

Walisubiri nusu saa. Gari likawaka tena kama halina kosa. Dakika kumi na mbili na nusu, likazima. Wakasubiri, wakarudia mara ya tatu. Kumi na tatu.

"Huyu anajua kuhesabu kuliko mimi," alisema Lartey.

"Unamkumbuka mtu aliyesema masaa mawili mfululizo?"

Lartey akaacha kutabasamu.

Daktari alipopigiwa simu alijibu bila kusita. Kipimo cha gesi kwenye damu kilikuwa cha mtu aliyevuta moshi kwa muda mrefu, masaa si dakika. Kwenye banda lenye kuta za matundu, gari lisilo na paa, dakika kumi na tatu zingemletea kichwa kuuma, basi.

Kwa hiyo Mzee Gyamera hakufia garini.

Siku hiyohiyo walipekua gereji ya Safo kule Magazine. Hakukuwa na la ajabu, isipokuwa kikopo cha maziwa kilichoning'inizwa kwa waya chini ya meza. Ndani, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na kitu cha shaba, kipana kama mfuniko wa chupa ya asali, chenye springi.

"Nini hii?" Lartey aliuliza.

"Themostati. Inapanga maji ya injini, lini yaende kwenye rejeta."

"Ya thamani?"

Birago alicheka. "Magazine yote inazitupa. Gari likiingia hapa mara ya kwanza, fundi anaitoa, anairusha jalalani. Kitu cha nchi za baridi, wanasema. Hata baba yangu alikuwa anazitoa."

Kisha akakigeuza kikopo mkononi. Inakuwaje fundi wa Magazine akihifadhi takataka kwenye kitambaa safi? Akakitia kikopo mfukoni.

*

Jirani wa Mzee Gyamera, mama mmoja anayeoka mikate, alijibu huku anakanda unga.

"Jumamosi umeme ulikatwa, si unajua mgao. Nilisikia mngurumo usiku kucha. Nikasema, Dankyi na jenereta yake, mwenzetu analala na feni."

"Jenereta ipo?"

"Ipo! Ya tatu hiyo. Mbili za kwanza wezi walibeba."

Nyumbani kwa marehemu, Birago alipita kwenye ushoroba mwembamba uliounganisha vyumba. Nje ya mlango wa chumba cha mzee, usawa wa goti, ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Kipande kimoja tu, upana wa mikono miwili.

Nyumba ya msiba hupakwa rangi kabla ya mazishi, kila mtu anajua. Lakini hupakwa yote, na ukoo kwanza hukaa kupanga siku. Huu ukoo ulikuwa haujakaa.

Birago akakwangua kwa kisu. Chini ya rangi, masizi meusi. Pembeni, kwenye sakafu, pete ya chuma iliyochimbiwa kwenye saruji, ya kufungia mnyororo.

*

"Bwana Dankyi, una jenereta?"

"Hatuna, afande. Ziliibiwa."

"Ngapi?"

"Mbili. Mwaka jana."

"Na ya tatu?"

Dankyi akalamba midomo. Jumatano, saa nne, dirisha wazi, kelele za soko la Kejetia zinaingia.

"Gari liliunguruma masaa mawili?"

"Nilisema hivyo."

"Gari lile linazima dakika ya kumi na tatu. Tumelijaribu mara tatu. Hukujua, kwa sababu hukuwahi kupandishwa. Sivyo?"

Dankyi akageuzia uso dirishani.

"Mjomba wako alipanda na makubazi. Nani alimvalisha?"

Dankyi akaficha mikono chini ya meza.

"Ulisema hukuwahi kukaa ndani." Birago akasukuma picha mezani. "Hizi ni alama za vidole, Dankyi. Kwenye dashibodi, upande wa abiria. Vidole kumi, kama mtoto aliyeshika dirisha. Ni vyako."

Dankyi aliitazama picha kwa muda mrefu. Alipoanza kusema, hakumtazama mtu.

"Sikumuua. Yaani, nilimuua, lakini sikumuua."

"Sema polepole. Sajini anaandika."

"Nilichoka kuibiwa. Nikasema hii ya tatu haitoki nje. Nikaifunga na mnyororo ushorobani, nje ya mlango wake, kwa sababu ndiyo sehemu mwizi hafiki. Jumamosi kulikuwa na joto. Nikamuwashia, nikamwekea feni. Nililala chumba cha mwisho, dirisha wazi. Saa kumi na moja nikaamka, kichwa kinauma. Nikaenda kumwamsha." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Alikuwa amekufa. Feni bado inampepea."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nani? Ukoo? Mpwa amemuua mjomba, halafu ndiye mrithi? Afande, wewe ni Mwasante. Ungekaa wapi? Wangemwaga kinywaji chini wakilitaja jina langu kwa laana. Wasingeniruhusu hata kumzika."

"Ukambeba mpaka garini."

"Nikambeba. Alikuwa mwepesi, sikutegemea. Nikamvalisha makubazi kwa sababu hakuwahi kutoka chumbani pekupeku. Nikawasha gari. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu nikazunguka, nikakaa kile kiti cha pili. Miaka arobaini naliosha gari lile, afande. Nilioshea ndoo ngapi? Kila Jumapili walikuwa wanaondoka wawili, yeye na fundi wake, na mimi nafunga geti. Nikasema leo nami nikae. Nikashika dashibodi. Lilikuwa linatetemeka vizuri. Halikukawia, likazima. Nikajaribu kuliwasha, likakataa. Nikaogopa mtasema muda hautoshi. Ndiyo nikasema masaa mawili."

"Na Safo?"

"Nilijua mtatafuta wa kumlaumu. Yeye alikuwa na kile kiti miaka yote. Nikasema, basi na abebe na hili."

Lartey aliacha kuandika. Birago akasogeza karatasi ya maelezo, akampa kalamu.

"Weka sahihi. Jenereta iko wapi?"

"Shimo la choo cha zamani. Na mnyororo wake."

*

Afrakoma alikuwa bado kielelezo, na kielelezo kilitakiwa kuhamishwa kutoka nyumbani kwa marehemu hadi yadi ya polisi. Hiyo ni safari ya dakika nane. Birago alichagua kuifanya siku ya Jumapili, akachagua kupitia barabara ya Mampong, ambayo haiendi yadi ya polisi.

"Afande, umepotea njia," Lartey alisema dirishani mwa Landrova iliyofuata nyuma.

"Nyamaza, endesha."

Safo alikuwa kwenye usukani, pekupeku. Birago kiti cha pili, viatu mapajani. Walipopita Magazine, mafundi wachache waliokuwa kazini siku hiyo waliinuka. Mmoja akavua kofia. Wengine walikuwa vijana, hawakujua wanavua kofia kwa nini, lakini walivua.

Walipofika kwenye mwinuko kabla ya Ntonso, mshale ulikuwa juu. Injini ikapwelea. Safo akalipeleka gari pembeni, taratibu, chini ya kivuli cha nyumba ya tofali jekundu, na Afrakoma akazima mwenyewe, kama punda aliyefika kwake.

"Kumi na tatu," alisema Birago.

Safo alishuka, akavuka barabara, akarudi na ndizi za kuchoma na karanga kwenye karatasi. Wakakaa ukingoni mwa barabara. Birago akatoa kikopo cha maziwa, akakiweka katikati yao.

"Haya, Baba. Kesi imefungwa. Hiki hakimo kwenye faili. Niambie."

Mzee alikitazama kikopo.

"Niliitoa mwaka sabini na nne, pamoja na usukani. Wote tulikuwa tunazitoa. Baba yako pia. Magari mengi hayajali. Lakini injini ya huyu ina njia ndogo ubavuni. Ile themostati ikifunguka, inaiziba ile njia, maji yote yanakwenda kupoa. Ukiitoa, njia inabaki wazi, maji ya moto yanarudi palepale yalipotoka. Nilichukua miaka minane kuelewa. Miaka minane namwambia mzee wa watu, ni petroli mbaya, ni koili, ni jua."

"Ulipoelewa?"

"Nilimwagiza baharia mmoja, akaniletea mpya. Hiyo hapo. Nikaja nayo Jumapili, mfukoni, nimwekee tukirudi."

"Mbona hukuweka?"

Safo akamenya karanga, akazitazama mkononi.

"Siku sita mimi nilikuwa fundi wake. Nasimama nje ya geti, nangoja niitwe. Yeye bwana mkubwa. Lakini tukizima hapa, hakuna bwana. Tunakaa hivi. Nusu saa. Siku ile alinieleza habari za mkewe, mambo ambayo hakumwambia mtu. Alilia, Birago. Halafu akala ndizi mbili. Nikapapasa mfuko, nikasema, nikiiweka hii tutafika Mampong bila kusimama. Nikaiacha mfukoni. Jumapili iliyofuata, vilevile."

"Miaka ishirini na tano."

"Jumapili nyingi hizo."

"Na kule mahabusu? Ungesema tu gari linazima, ungetoka siku ileile. Ungekufa jela!"

"Ningekufa jela nikiwa fundi. Kusema gari linazima ni kusema kwa nini linazima. Na ukoo wake wangesikia kwamba nilimdanganya maisha yake yote."

Injini ilikuwa inapoa. Bati lilikuwa linalia tik, tik, tik.

"Hakujua?" Birago aliuliza.

Safo akapangusa maganda ya karanga mapajani.

"Mwaka jana alikuja gereji, akainama kuokota ufunguo uliodondoka. Alikaa chini ya meza muda mrefu kidogo. Alipoinuka akasema, 'Safo, hicho kikopo chako kisifunguliwe mpaka mmoja wetu afe.' Halafu akaniuliza kama Jumapili tunakwenda."

Landrova ilikuwa imesimama nyuma. Lartey akapiga honi. "Afande! Kielelezo kimeharibika? Nivute?"

Birago hakugeuka. Alikifungua kikopo, akaitoa ile shaba kwenye kitambaa, akamwekea Safo kiganjani.

"Mmoja amekufa, Baba. Utaiweka?"

Mzee aliigeuza juani. Akamtazama Afrakoma, akamtazama binti wa Ntow aliyekaa pekupeku kwenye vumbi, akairudisha kitambaani.

"Bado robo saa apoe," alisema, akamsogezea karatasi. "Kula ndizi."